Tundu katika Mashua ya Thornbury

Konstebo Amasa Birdsall alipiga magoti kwenye mbao za banda, akaingiza mkono ndani ya tundu. Mkono ulipita hadi kiwiko.

"Huyu si panya," alisema.

"Afadhali umetutoa wasiwasi, Konstebo," alijibu kijana aliyesimama nyuma yake, mikono mifukoni. "Maana tulishaanza kutega mitego."

Kijana huyo alikuwa Lyman Farrand, nahodha wa mashua ya Chuo cha Thornbury, na sauti yake ilikuwa na ule utani ambao mji mzima wa Canadoga ulikuwa umeuzoea tangu wiki ya mashindano ya vyuo ianze. Lakini midomo yake ilikuwa imepauka. Pembeni yake alisimama rafiki yake Gideon Pruyn, pande la mtu lililotoka kwenye shamba la ng'ombe, naye hakucheka.

Mashua ilikuwa imelazwa kifudifudi juu ya magogo, tumbo juu, nyembamba na ndefu kama mkuki. Ilikuwa ya karatasi. Tabaka juu ya tabaka zimebandikwa kwa gundi, zikapakwa vanishi mpaka zikawa ngumu na za kung'aa kama ganda la yai. Watu wawili waliweza kuibeba begani huku wakipiga soga, na watu sita waliweza kuiendesha ziwani mpaka farasi wa ufukweni waachwe nyuma. Sasa tumbo lake lilikuwa na jeraha la upana wa sahani, limekodoa macho kuelekea mlangoni.

"Nani aliliona kwanza?"

"Mimi," Lyman alisema. "Nilifungua tu mlango, likanitazama."

"Na mara ya mwisho kuiona ikiwa nzima?"

"Jana, baada ya mbio za miguu. Nilikuja humu kupumzika kidogo."

Gideon aliinua kichwa kwa haraka. Lyman akakohoa.

"Kuangalia makasia, nilitaka kusema. Halafu sote tukaenda hotelini kula na kuimba. Wote sita, isipokuwa Gid aliyetoka mapema kwa sababu ya tumbo. Aliniachia hata pai yake, ndipo nikajua kwamba anaumwa kweli."

Birdsall hakuandika chochote. Hakuwa na tabia hiyo. Alikuwa mtu wa makamo, mnene kiasi, mwenye masharubu yaliyopata mvi kabla ya kichwa, na kila kiangazi alilalamika kwa yeyote aliyekuwa tayari kusikiliza kwamba wanachuo wangemuua kabla ya siku zake. Walipaka mbuzi wa mchungaji wa kanisa rangi za vyuo vyao. Waliiba kibao cha kinyozi. Walikimbizana barabarani na fulana za ndani, wakayaita hayo mazoezi. Halafu wakiondoka, mji ukanyamaza, Birdsall alizunguka mitaani kama mtu aliyepoteza kofia yake. Kwa hiyo tundu hili lilimuuma zaidi ya vile alivyoonyesha.

Aliinama tena, akapitisha kidole kwenye ukingo wake. Kisu kilikuwa kikali, lakini mkono ulikuwa na kigugumizi: kulikuwa na mkwaruzo mmoja mfupi ulioachwa, kisha mwingine, kisha ndipo kisu kikazama. Na kilipozama kilikata vizuri. Kilipita katikati kabisa ya mataruma mawili, zile mbavu nyembamba za mti zilizoshika karatasi kwa ndani. Hakuna hata moja lililoguswa. Makasia yaliyoegemezwa ukutani yalikuwa salama. Usukani ulikuwa salama.

"Inaweza kuzibwa?" aliuliza.

"Kwa siku nne au tano, gundi ikikauka," alisema Lyman. "Mbio ni leo alasiri."

Ndipo Birdsall alipoona kitu chekundu chini ya benchi. Akakivuta. Kilikuwa kitambaa cha shingoni cha hariri, rangi ya Chuo cha Kingsmere, na pembeni kimetariziwa herufi mbili: R.D.

"Hicho si kitu," Gideon alisema. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza asubuhi ile.

"Mtu yeyote anaweza kudondosha kitambaa," Lyman aliongeza haraka.

Birdsall aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kuona watu walioharibiwa mali yao wakimtetea mshukiwa kabla hajatajwa. Alitaka kuwauliza, lakini vichwa vilikuwa vimejaa dirishani, na vichwa hivyo vilikuwa na midomo.

"Ni cha Rufus Delavan! Nahodha wa Kingsmere! Jamani, ni Delavan!"

Sauti zikaruka kutoka banda hadi barabarani, na miguu ikazifuata.

*

Birdsall alipita njia ya mkato nyuma ya makaburi, akawahi nyumba ya wageni walikofikia Kingsmere kabla ya kundi. Njiani alikifungua kitambaa. Hakikuwa kimedondoshwa. Kitu kinachodondoka hujikunja ovyo, na hiki kilikuwa kimekunjwa mara nne, kwa uangalifu. Katikati hariri ilikuwa imekakamaa, kama nguo iliyoloweshwa ikakauka ikiwa imekunjwa vilevile. Alikinusa. Maji ya ziwa, na siki.

Rufus Delavan alikuwa barazani akila kipande cha nyama ambacho hakikukaa motoni hata kidogo. Ndivyo walivyolazimishwa kula wapiga makasia wote wiki ya mashindano. Alikuwa kijana mrefu mwenye nywele nyekundu, mtoto wa nyumba ya kitajiri aliyejitahidi sana asionekane hivyo.

"Karibu nyama, Konstebo. Bado inapumua."

"Sina njaa. Hiki ni chako?"

Rufus alikitazama kitambaa, akaweka uma chini.

"Ni changu."

"Nimekikuta katika banda la Thornbury. Mashua yao imechanwa tumbo."

Rangi ilimtoka Rufus usoni. Birdsall alikuwa amewaona waongo wengi, na wengi wao walijua kunyanyua nyusi kwa mshangao. Lakini hakuna mwongo anayejua kujipaka weupe.

"Imechanwa? Ile mpya? Nani mwendawazimu..." Alisimama. "Lyman anajua?"

"Yeye ndiye aliyeiona. Keti. Uliingia lini kwenye banda lile?"

"Jana. Baada ya mbio za maili moja."

"Mbio ambazo Farrand alikushinda."

"Kwa kifua tu. Ningemshinda, ila yule bwana hakimbii kwa miguu, anakimbia kwa ukaidi."

"Kwa hiyo ulishindwa, ukaumia roho, ukamfuata."

"Nilimfuata, ndiyo. Nilimpeleka..." Rufus alifunga mdomo.

"Ulimpeleka nani?"

"Sijasema kitu."

"Ulimpeleka wapi? Mtu aliyeshinda mbio ana haja gani ya kupelekwa?"

"Konstebo, nimeahidi. Uliza jingine lolote. Uliza mimi ni nani, nilizaliwa wapi, nampenda nani. Hilo siwezi."

"Kamati ya mbio itawafuta Kingsmere wote kwa ajili ya ahadi yako. Unalijua hilo?"

Kijana aliisukuma sahani kando. Nyuma yake wenzake watano walikuwa wamejipanga mlangoni, wameacha kutafuna.

"Nalijua," alisema.

Kabla Birdsall hajaendelea, barabara ilijaa. Thornbury walikuja wote, wapiga makasia na mashabiki, na mbele yao Lyman Farrand akijaribu kuwazuia kwa mikono miwili, na Gideon nyuma yake kama kivuli.

"Wezi wa usiku! Mnaogopa mashua ya karatasi!"

"Rudini mkakamue ng'ombe!" wakajibu Kingsmere.

"Tukishawakamua tutakuja kuwakamua nyinyi!"

"Makasia yenu yenyewe ya kukorogea uji!"

Jiwe moja liliruka, likagonga nguzo ya baraza. Birdsall alisimama kwenye ngazi akajitanua, lakini Rufus alimpita, akashuka hadi chini, akasimama mahali ambapo yeyote angeweza kumfikia.

"Nyamazeni, punguani nyie!" alipaza sauti. "Lyman! Sikuigusa mashua yako. Unalijua hilo au hulijui?"

"Nalijua," Lyman alijibu, na kundi likapoa ghafla. "Nimekuwa nikiwaambia tangu kule. Hawasikii."

"Basi nisikilize. Tumekuja na mashua mbili. Ile ya mwaka jana ni ya mti, nzito kidogo, lakini haivuji. Ichukueni. Mwaka mzima nimeota kuwashinda nyie vichwa vigumu. Sitaki kushinda ziwa tupu."

Kofia zilipaa. Wale waliokuwa wameshika mawe waliyatupa wakawashika wenzao, Kingsmere wakamiminika kutoka barazani, na mtu aliyekuwa akiitwa mwizi dakika ile ile alijikuta amebebwa juujuu. Lyman alimkumbatia Rufus, akamnong'oneza kitu. Rufus akatikisa kichwa kukataa, na kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na hasira.

Birdsall hakuwatazama wao. Alikuwa akimtazama mtu mmoja ambaye hakurusha kofia. Gideon Pruyn alikuwa amekaa chini kwenye ngazi ya mwisho, mikono ikining'inia katikati ya magoti, ametumbua macho kama mtu aliyesomewa hukumu.

*

"Twende tukatembee," Birdsall alimwambia.

Walikwenda mpaka nyuma ya ghala la barafu, ambako unga wa mbao ulinukia unyevu na hakukuwa na mtu. Birdsall aliketi juu ya gogo. Gideon alibaki amesimama.

"Nitakueleza ninachofikiri," alisema Birdsall, "halafu wewe utanisahihisha. Mtu mwenye chuki angetoboa tundu dogo, mahali pa siri, ili mashua ijae maji katikati ya ziwa. Huyu alikata tundu kubwa kama sahani, mbele ya mlango. Alitaka lionekane mapema. Hakutaka mzame. Alitaka msitoke kabisa."

Gideon alichimba unga wa mbao kwa ncha ya kiatu.

"Tena hakugusa taruma hata moja. Kwa nje hayaonekani. Mtu wa Kingsmere angekata kwa kubahatisha. Huyu anaijua mashua kwa ndani, na anaipenda. Alianza, akaacha. Akaanza tena, akaacha. Mara ya tatu ndipo akapiga moyo konde."

"Konstebo..."

"Bado. Kuna kitambaa. Kilikunjwa, kikaloweshwa kwa maji na siki, kikawekwa kwenye paji la uso la mtu. Farrand alishinda mbio, akapelekwa bandani na mpinzani wake, akalazwa kwenye benchi. Rufus hataki kusema kwa sababu ameahidi. Na wewe, ulipoona mashua ya pili imepatikana, ulikaa chini kama uliyefiwa. Anaumwa nini, Gideon?"

Pande lile la mtu lilijishika uso kwa viganja. Mabega yalipoanza kutikisika Birdsall alisogea kando, akampa nafasi kwenye gogo, akangoja.

"Mimi huketi nyuma yake," Gideon alisema mwishowe. "Namba tano. Yeye ndiye mshika mwendo, sisi wote tunamfuata. Kwa miaka miwili kitu pekee ninachokiona nikiwa majini ni mgongo wake. Naujua kuliko uso wangu. Najua akikasirika, najua akitaka kucheka. Tangu mwezi uliopita umebadilika. Tukiongeza kasi, unakakamaa upande wa kushoto, kama mtu aliyechomwa sindano. Masikio yanakuwa ya buluu. Nikamuuliza, akasema nimekunywa pombe."

"Na jana?"

"Jana alipovuka mstari alipunga mkono, akazunguka nyuma ya hema, akaanguka. Rufus alimbeba. Nilipofika bandani, Rufus alikuwa amempigia magoti akimpepea kwa kofia, analia, yule yule Rufus. Tulidhani amekufa. Alipofungua macho, neno la kwanza lilikuwa, apeni. Ukimwita daktari nakufukuza kwenye timu, akaniambia. Akatuapisha wote wawili. Mimi aliniapisha kwa mama yangu."

"Kwa nini hivyo?"

"Kwa sababu timu ni yeye!" Gideon alipaza sauti. "Hujui Thornbury ilivyokuwa. Tulikuwa wachunga ng'ombe na watoto wa wachungaji wa makanisa. Hakuna aliyewahi kushika kasia. Lyman alitukalisha ghalani, wakati wa baridi, juu ya mabenchi aliyoyachonga mwenyewe, tunavuta kamba zilizofungiwa mawe, yeye anaimba mwendo. Watu walituchungulia wakacheka. Mashua ile aliiombea mlango kwa mlango katika kaunti nzima. Leo ni siku yake ya mwisho, anahitimu. Ningemwendea na kumwambia nini? Ungesikia anavyosema: Gid, ni leo tu, kisha nitapumzika maisha yangu yote."

"Kwa hiyo ukaacha pai."

"Niliapa kutosema, Konstebo. Sikuapa kutokata." Alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Nilifikiri, mashua itazibwa. Yeye hazibiki. Sasa huyu Rufus, Mungu ambariki na amlaani, ametoa mashua nyingine."

"Amefanya hivyo ili apate ushindi halali?"

"Amefanya kwa sababu ana moyo mkubwa na kichwa kidogo. Alipoona tunataka kupigana alitoa alichonacho. Sasa amegundua. Hukumwona alivyomkunjia Lyman uso?"

Birdsall alisimama, akapangusa suruali.

"Wewe umeapa. Rufus ameapa. Mimi hakuna aliyeniapisha," alisema. "Nenda ufukweni, ukae na wenzako. Nitakuja na mtu."

*

Mtu huyo alikuwa Daktari Almira Stroud, mwanamke pekee mwenye kazi hiyo katika ufukwe wote wa Canadoga, aliyeendesha nyumba ya kutibu watu kwa maji ya chemchemi. Hakupenda mbio za aina yoyote. Alimfuata Birdsall kwa hatua ndefu, mkoba mkononi, huku akimwuliza maswali mafupi yaliyomfanya konstebo ajione kama mgonjwa.

Walimkuta Lyman kwenye gati la kuanzia mbio, amepiga magoti ndani ya mashua ya mti ya Kingsmere, akirekebisha mikanda ya miguu. Wenzake watano walikuwa wakimzunguka, kila mmoja ana la kusema. Ziwa lilikuwa kimya kama kioo, na vilima vya ng'ambo vilisimama kichwa chini ndani yake.

"Bwana Farrand," alisema Daktari Stroud. "Fungua shati."

"Mama, hata jina langu la kwanza hujaniuliza."

Wenzake walicheka. Daktari hakucheka. Alitoa kwenye mkoba bomba fupi la mti la kusikilizia moyo.

"Nani kasema?" Lyman aliuliza, na utani ukamtoka. Alimgeukia Gideon. "Gid?"

"Hakuna aliyesema," Birdsall alijibu. "Kitambaa kimesema. Ulikiacha kikiwa kimekunjwa. Fungua shati, mwanangu, ama nitakuweka ndani kwa kosa lolote litakalonijia kichwani, na uniamini, kwa wiki hii ninayo mengi."

Lyman alifungua shati. Daktari Stroud aliinama, sikio kwenye bomba, macho yamefumbwa. Alisikiliza upande mmoja, akahamia mwingine, akarudi. Alimwambia apande ngazi za gati na kushuka, kisha akasikiliza tena. Safari hii hakuna aliyechekacheka. Hata wale wa vyuo vingine, waliokuwa wakipaka mafuta makasia yao, walikuwa wameacha.

"Uliwahi kuugua viungo ulipokuwa mtoto?" aliuliza. "Homa, magoti yakavimba?"

"Nilipokuwa na miaka kumi."

"Ndiyo iliyokuachia hii. Kuna mlango moyoni mwako haufungi vizuri. Ukiishi kwa adabu utaishi, utaoa, utanenepa, utachosha watu kwa hadithi za ziwa hili. Ukivuta kasia leo, wenzako watarudi ufukweni na maiti. Sisemi labda."

Lyman alifunga vifungo vya shati kimoja kimoja.

"Ni maili tatu tu," alisema kwa sauti ya mtoto.

Gideon Pruyn alipita katikati ya wenzake, akasimama mbele yake.

"Ni mimi niliyekata mashua, Lyman."

Minong'ono ilipita kwenye gati, ikazima. Otis Kemble, mpiga kasia wa akiba, kijana mfupi mwenye madoadoa usoni, aliachia ndoo ikaanguka.

"Rudia," alisema Lyman.

"Nilikata mashua. Jana, wakati mnaimba. Kwa kisu changu."

Lyman alimkamata kola kwa mikono miwili. Ingawa Gideon angeweza kumwinua kwa mkono mmoja, alijiacha asukwesukwe.

"Ile mashua! Ile mashua, Gid! Unajua nilipiga hodi milango mingapi? Uliketi nami usiku kucha tukipaka vanishi! Wewe!"

"Mimi."

"Ulikata wapi?"

"Hapo kati ya mataruma. Sikuyagusa."

"Kwa nini hapo?"

"Ili iweze kuzibwa," Gideon alisema, na sauti ikamkatika. "Kwa ajili ya wale wa mwakani."

Mikono ya Lyman ililegea kwenye kola. Aliketi kwenye ukingo wa gati, miguu ikining'inia juu ya maji, na kwa kitambo hakuna aliyejua kama anacheka au analia, pengine hata yeye mwenyewe. Gideon aliketi kando yake. Hawakuangaliana. Baada ya muda Lyman alimpiga rafiki yake ngumi ya bega, kwa nguvu zake zote, na Gideon akasema, "Asante."

Birdsall alikohoa.

"Kisheria, mashua ni mali ya klabu. Je, klabu ina malalamiko?"

Wapiga makasia wa Thornbury walitazamana.

"Mimi ninayo," alisema Otis Kemble. "Kama angekata wiki iliyopita, nisingeamshwa alfajiri zote hizi kukimbia kuzunguka ziwa."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko utani wenyewe. Birdsall akatangaza kwamba ofisi yake haishughulikii malalamiko ya kuamshwa mapema, na kwa hiyo suala limekwisha.

Lyman alisimama. Alikuwa ameshafuta uso.

"Sawa. Otis, wewe ingia namba tano. Gid atakaa mbele yako, mahali pangu. Atashika mwendo."

"Siwezi," Gideon alisema papo hapo. "Sijawahi kupiga kasia bila kukuona."

"Wewe bwege, fikiri kidogo. Mshika mwendo ameelekea wapi?"

Gideon alifikiri. Wapiga makasia huenda kinyumenyume, na wa mwisho kabisa hutazama kule walikotoka, hakuna mgongo wa mtu mbele yake.

"Huku," alisema polepole. "Kwenye gati."

"Basi mimi nitasimama hapa hapa. Utaniona. Nitakupigia mwendo kwa kofia mpaka nipotee."

"Lakini ukikaa hapa hutaona mwisho wa mbio," alisema Otis. "Mwisho uko kule mbali."

"Najua uko wapi, Otis. Nimeupima mwenyewe. Ingieni majini."

*

Bastola ya mwanzo ilipolia, Birdsall alikuwa amesimama kando ya Lyman, na upande wa pili Daktari Stroud, ambaye alisema amebaki kwa ajili ya mgonjwa wake tu. Mashua zilichomoka pamoja. Ile ya mti iliyumba, ikanyooka. Katika kiti cha mwisho uso mpana wa Gideon Pruyn ulikuwa mwekundu, umekodoa macho kwenye gati kana kwamba hakuna kitu kingine duniani.

"Vuta!" Lyman alipaza sauti, kofia ikipanda na kushuka. "Usiharakishe! Waache waende! Vuta... na pumua... vuta..."

Uso ule ukawa mdogo. Ukawa doa. Kisha ukungu wa joto ukalimeza, na Lyman aliendelea kupunga kofia muda mrefu baada ya hapo, mpaka daktari alipomshika mkono akaushusha taratibu.

Walibaki na ziwa tupu na kelele za mbali. Kwenye paa la hoteli kulikuwa na mtu mwenye darubini, na kila alichokiona alikitupa chini kwa sauti: Kingsmere mbele, wa pili hajulikani, kuna kasia limevunjika, si la Thornbury, si la Thornbury! Lyman alikuwa anatafuna ukingo wa kofia. Birdsall aligundua kwamba yeye mwenyewe amemkamata daktari kiwiko, na kwamba daktari hakumzuia, kwa kuwa alikuwa amesimama kwenye ncha za vidole.

"Kingsmere!" mtu wa darubini alipiga ukelele. "Kingsmere wa kwanza! Kisha wale wa buluu iliyokoza... kisha... Thornbury! Thornbury ni wa tatu!"

"Wa tatu," Lyman alinong'ona. "Kati ya vyuo saba. Na mashua ya kuazima. Na Otis." Akamgeukia Birdsall, macho yamejaa. "Miaka mitatu iliyopita, Konstebo, hatukuwa hata na kasia."

Waliwaona wakirudi pole pole, wamelowa maji na jasho. Mashua ya washindi ilikuwa imewatangulia, lakini ilipokaribia gati ilisimama. Rufus Delavan alisema neno, na makasia sita yakasimama wima hewani, yanadondosha maji, mpaka Thornbury wapite wao kwanza.

Lyman hakungoja wafike. Aliruka kutoka gatini na viatu vyake, maji yakamfika kifuani, akaanza kuwaendea, mikono imenyooshwa.

"Bwana Farrand!" Daktari Stroud alifoka. "Nimesema upumzike! Hivi ndivyo unavyopumzika? Toka majini mara moja! Konstebo, mbona umesimama tu? Mtoe mtu huyo!"

"Ndiyo, mama," alisema Birdsall, akavua buti zake, akaziweka vizuri pembeni, kisha akashuka ziwani kumsaidia Lyman kuivuta mashua.